Mlango Tuliofunga Mgeni Akiwa Ndani

Kijiko kilikuwa kinagonga ndani ya kikombe, na hapakuwa na mkono uliokishika.

Kli-kli-kli. Kimya. Kli-kli-kli.

Umeme ulikuwa umekatika, na giza ni lile la mtu kujipapasa ajue kama bado yupo. Komeo aliketi kitandani, mkono mmoja juu ya kifua cha mwanawe anayenyonya, mwingine umeishika chupa ya chai kwa shingo kama rungu.

Nyinyi mliolala na sauti hiyo masikioni wiki nzima, pumueni. Hakuwa Mpole. Ilikuwa simu tu. Komeo mwenyewe aliiacha mezani ikiegemea sahani ya kikombe, akaiweka kwenye mtetemo ili isimwamshe mtoto.

Ila msipumue sana.

"Komeo, umelala?"

"Nimekaa na chupa ya chai, Babu. Ulikuwa umebakiza kidogo nikupasue kichwa."

"Bora ungenipasua. Ningepumzika."

Huyo ni Babu Waya, fundi wa zamu kwenye chumba cha seva, mtu anayetania hata matangani. Komeo alingoja utani wa pili. Haukuja.

"Sema, Babu."

"Washa taa kwanza. Kaa vizuri."

"Umeme hakuna. Sema hivyohivyo."

Aliyejiunga nasi leo asipotee. Komeo ni mlinzi wa mifumo ya kompyuta katika kampuni inayosambaza dawa mahospitalini. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa hapiti mlango bila kuusukuma aone kama umefungwa. Na wiki hii alikutana na mlango uliomshinda.

Mfumo wao wa ripoti ulikuwa na ufa. Ni mfumo uleule unaotoa kila kitu, kuanzia dawa zilizobaki ghalani hadi mfanyakazi gani anachukuliwa na basi kutoka nyumba gani. Aliyejua pa kugusa aliingia bila kuulizwa jina wala neno la siri, akatembea mle ndani kama mwenye nyumba. Waliotengeneza mfumo walipotoa kiraka cha kuuziba ufa huo, Komeo alikibandika siku hiyohiyo. Bosi akanunua soda. Chupa zikagongana. Mlango umefungwa!

Kisha Komeo akasoma kumbukumbu za seva. Akaona kuna mtu aliyeingia kabla ya kiraka. Akafuata nyayo zake mpaka zilipotokea, na zilitokea kwenye ofisi ya wakala aliyewauzia mfumo, kwenye kompyuta ya fundi mmoja.

Fundi huyo ni shemeji yake.

Watu humwita Mpole, na jina limemkaa. Sauti yake haijawahi kupanda. Hata siku alipomvunja mkewe mkono alikuwa akinong'ona, "Unaona sasa unavyonifanya?" Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mkewe ndiye mdogo wake Komeo, wa tumbo moja, ziwa moja, naye ameajiriwa kampuni ileile. Alimkimbia na binti yao mdogo. Akajificha, Mpole akatokea mlangoni na mfuko wa machungwa, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Akahama, Mpole akatokea tena. Machungwa yaleyale. Familia nzima ikaanza kutazamana kwa jicho la pembeni: nani anamwambia?

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anasomewa na mfumo.

"Nipo kwenye ripoti ya njia," alisema Babu Waya.

Ripoti ya njia ndiyo inayoliamsha basi la wafanyakazi. Kila alfajiri mfumo huituma wenyewe kwenye simu za madereva: mchukue fulani, nyumba fulani, saa fulani. Bila ripoti hiyo dereva hagusi ufunguo. Ndiyo sheria tangu siku dereva mmoja alipomfuata mfanyakazi aliyekwisha acha kazi, akamkosa aliyekuwa akingojea.

"Wanaotumiwa ni madereva wetu," Babu Waya aliendelea. "Lakini namwona mmoja wa ziada, mwanangu. Ana anwani ya barua pepe isiyo na jina, namba tupu. Si wa kwetu."

Komeo aliikandamiza simu sikioni.

"Unanisikia? Kiraka kilifunga mlango. Lakini mgeni alikwisha acha mtu wake jikoni. Kila alfajiri anamtolea sahani dirishani."

Komeo alihisi maziwa yakimtoka, kama yanavyotoka mtoto anapolia. Mtoto hakuwa akilia.

Kwa sababu jana jioni, kwa mkono wake, alikuwa amebadilisha anwani ya mdogo wake kwenye mfumo.

Msimlaumu haraka. Mdogo wake alikuwa amehamishiwa mahali pa tatu, nje kabisa ya mji, chumba cha uani kwa Mkunga mstaafu ambaye hakuwa na undugu nao wala mazoea na mtu yeyote wa upande wa Mpole. Komeo alitaka alale siku chache bila kwenda kazini. Mdogo wake akakataa.

"Dada, nikiikosa kazi hii nitarudi kwake kwa miguu yangu mwenyewe. Nitamlisha nini mtoto? Hofu?"

Na basi halimchukui asiyeandikwa. Basi Komeo akaandika. Mlango si umefungwa? Kiraka si kipo? Akabonyeza hifadhi, akaenda nyumbani kumnyonyesha mwanawe.

"Mfute huyo wa ziada," alisema sasa.

"Nimemfuta. Amerudi. Nikamfuta tena, amerudi tena. Alipoingia alijipa cheo kikubwa kuliko changu na chako. Mfumo unaniona mimi ndiye mwizi."

"Ripoti inatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Jua halikawii kuchomoza, Komeo."

"Zima seva."

"Unalijua neno la Bosi."

Analijua. Tunafunga hesabu za mwezi, alisema Bosi, atakayeizima seva ile aje na barua ya kuacha kazi mkononi, asinisumbue kumwandikia.

Kitanda kililia. Mumewe, fundi wa magari mwenye usingizi wa gogo, aliinua kichwa.

"Mama, hata gizani mpo kazini?"

"Amka uvae. Huenda tukatoka."

"Tunaenda wapi?"

"Nikijua nitakwambia."

Akampigia Bosi. Simu iliita mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu alipokelewa na kikohozi.

"Bosi, samahani kwa saa hizi. Naomba ruhusa ya kuzima seva ya ripoti. Yule aliyeingia ameacha kitu ndani. Kinatuma anwani za wafanyakazi nje."

"Si mlipachika kiraka?"

"Tulipachika. Kinazuia anayekuja. Hakimtoi aliyemo."

"Mbona hukusema siku ile ya soda?"

Hapo palimchoma, kwa sababu palikuwa pa kweli. Siku ile alijaribu mlango, akaona umefungwa, akafurahi kama mtoto. Hakuzunguka vyumbani. Hakuangalia chini ya vitanda.

"Sikujua, Bosi. Sasa najua. Nipe ruhusa."

"Sikiliza. Asubuhi hii hospitali zinangoja dawa. Ghala halipakii bila ripoti. Kuna wagonjwa pale wanahesabu pumzi. Nizime kwa ajili ya anwani?"

"Ni ya mdogo wangu. Mumewe atamfuata. Mara ya mwisho alimvunja mkono."

Bosi alivuta pumzi. Aliposema, sauti yake ililainika, na huko kulainika ndiko kulikomtisha Komeo.

"Pole sana, mama. Lakini hilo ni la familia. La familia linapelekwa kwa wazee, haliletwi kwenye seva."

"Limekuja lenyewe, Bosi. Limepita mlangoni kwetu, na sisi tukalifungulia soda."

"Ukiigusa seva ile," alisema Bosi, "usije kazini." Akakata.

Komeo alibaki na simu sikioni. Kazi ile ndiyo iliyomnunulia mtoto kitanda. Ndiyo aliyoisomea jioni baada ya jioni, tumbo limejaa ujauzito, miguu imevimba ndani ya kandambili, akisinzia juu ya daftari na kuamka kabla mwalimu hajamwona. Alijua uzito wake hadi kwenye mifupa.

Akampigia Babu Waya.

"Ng'oa waya wa mtandao."

"Bosi amekubali?"

Komeo alimvuta mtoto karibu.

"Komeo, Bosi amekubali?"

"Ng'oa, Babu. Nitasema nimeng'oa mimi."

"Utasemaje umeng'oa wewe na uko kitandani? Una mikono ya mpira?" Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikiung'oa hakitoki kitu humu. Cha ghala, cha madereva, vyote. Umeelewa?"

"Madereva watapigiwa simu. Cha ghala utakitoa pale kwenye karatasi, wachukue kwa mkono. Dawa zitatoka, Babu, kwa kuchelewa tu. Ng'oa!"

"Haya. Wakinifukuza nitauza waya barabarani. Jina tayari ninalo."

Komeo alisikia mzee akiguna, kiti kikisukumwa, kisha mlio mdogo, tik, kama mtu anayevunja kijiti.

"Tayari. Sasa hata nzi hatoki."

Saa kumi na moja haikuwa imegonga.

Komeo alijilaza chali. Machozi yakamtiririkia masikioni, naye akawa anacheka. Mumewe, mguu mmoja ndani ya suruali, alimtazama kwa mwanga wa simu.

"Tunatoka au hatutoki?"

"Hatutoki. Amekosa. Mpole amekosa!"

"Basi navua."

"Vua, baba."

Mtoto aliamka, akatafuta ziwa, akapewa. Kwa kitambo kifupi nyumba ile ilikuwa nyumba tu: mtoto anameza, mwanamume anahangaika na suruali gizani, mwanamke anapanga moyoni maneno ya kumwambia Bosi, na hata anaamini kwamba atayasikiliza. Nami natamani ningewaacha hapo.

Kli-kli-kli.

"Komeo." Sauti ya Babu Waya ilikuwa imezeeka. "Nimekaa hapa mbele ya seva yenyewe, nikasema nipekue vizuri, maana sina tena cha kupoteza. Nimekuta kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Aliacha watu wawili jikoni, si mmoja. Amri ile ya alfajiri iliwekwa wazi, mtu aione. Hii nyingine imefichwa. Na hii haingoji alfajiri."

"Inangoja nini?"

"Haiamki mpaka anwani ya mtu mmoja ibadilike. Ikibadilika tu, inatuma."

"Mtu gani?"

"Mdogo wako."

"Ilitumwa lini, Babu?"

"Jana jioni, mwanangu. Palepale ulipobonyeza hifadhi."

Komeo aliutazama mkono wake. Kidole kilichobonyeza kilikuwa mkononi mwa mwanawe, amekikamata kwa ngumi yake ndogo wakati ananyonya, kama watoto wote wanavyofanya.

Alikitoa polepole. Mtoto akalia.

"Vaa," alimwambia mumewe. "Washa gari."

"Kumbe tunatoka?"

"Anajua! Anajua tangu jana jioni, na mimi ndiye niliyemwambia!"

Mumewe hakuuliza tena. Alitoka bila viatu. Huko nje gari bovu lilianza kukohoa: likakataa, likakohoa, likakataa.

"Kama anajua tangu jana," alisema mumewe kutoka dirishani, "mbona usiku kucha hajaenda?"

Swali jema. Komeo alilishika kama mtu anayezama anavyoshika nyasi. Labda hajaisoma barua. Labda amelewa. Labda amechoka, maana hata simba huchoka.

Alipiga simu kituo cha polisi. Iliita mpaka ikachoka yenyewe.

Alimpigia mdogo wake. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena, na kabla haijaita ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa mdogo wake! Komeo aliusoma, herufi zikimruka machoni.

"Dada nimeamka salama. Nimelala usingizi ambao sijalala tangu niolewe. Bibi Mkunga ni mzito wa kusikia ila ana moyo, amempakata mwanao usiku kucha. Leo basi limewahi, linapiga honi. Natoka. Simu namwachia mwanao aangalie picha asinililie."

Komeo aliubusu ujumbe ule. Msicheke, aliubusu kweli, kioo kikalowa.

Basi! Kwenye basi kuna watu. Kuna dereva, mtu wa miraba minne, kuna kinamama wa ghalani wenye midomo na mikono ya kubeba maboksi. Mpole hathubutu mbele za watu, yeye ni mtu wa vyumbani. Akishapanda tu, amepona. Kisha Komeo atamfuata mtoto, kisha atajua la kufanya.

Akampigia dereva wa basi.

"Dereva, shikamoo."

"Marahaba, mlinzi wetu wa komeo. Heri?"

"Heri. Mdogo wangu ameshapanda? Mwambie akae katikati ya wenzake, asishuke popote mpaka getini. Nakuomba kama kaka yangu."

"Apande nini?"

"Basi."

"Basi lipi, dada? Mimi nipo yadi. Nimekaa hapa na kikombe changu nangoja ripoti ya njia, haijaja. Bila ripoti siwashi gari. Si sheria yenu nyinyi wa ofisini?"

Gari la nje likakohoa na kuzimika. Mtoto analia. Komeo havisikii.

"Hujatoka?"

"Sijatoka. Wala hakuna aliyenipigia kuniambia chochote."

Madereva watapigiwa simu. Nani alisema maneno hayo? Ni yeye. Nani alikuwa awapigie? Ni yeye. Badala ya kupiga, alilala chali akacheka.

"Dereva, ukifika kwa mtu huwa unapiga honi vipi?"

"Mbili fupi, moja ndefu. Ndiyo alama yangu, hata watoto wa mitaani wanaijua. Kwa mdogo wako nimeipiga miaka mingi, tangu yupo kwa yule bwana wake mpole. Bwana yule mstaarabu sana. Alikuwa anatoka kunisalimia na chungwa mkononi. Kwani vipi?"

Komeo alikata simu.

Sasa alilielewa lile swali jema la mumewe. Usiku Mpole angegonga, na asingefunguliwa. Angevunja mlango, na majirani wangeamka. Mpole havunji milango. Mpole hungoja alfajiri, saa ya basi, apige mbili fupi na moja ndefu, na mwanamke aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu aolewe afungue mlango mwenyewe, ananyoosha nywele.

Na basi la kweli, lenye watu na mashahidi, ambalo huenda lingemkuta pale? Basi hilo Komeo alilizuia yadi, kwa waya ule aliosema ung'olewe.

"Limewaka!" mumewe alipiga kelele nje. "Mama, limewaka, njoo!"

Komeo alimfunga mtoto mgongoni huku anakimbia, khanga inaburuta, simu sikioni. Akapanda gari. Mlango wake haukufunga sawasawa, na kwa mara ya kwanza maishani hakuusukuma tena. Gari likatoka. Huko mbele anga lilikuwa limeanza kupauka, rangi ya maji ya majivu.

Simu ya mdogo wake iliita. Ikaita. Mumewe alikanyaga mafuta mpaka usukani ukatetemeka.

"Pokea," Komeo alikuwa akinong'ona. "Pokea, mwanangu. Pokea."

Ikapokelewa.

Hakukuwa na neno. Kulikuwa na pumzi fupi, ya puani, pumzi ya mtu mdogo aliyeikamata simu kwa mikono miwili. Nyuma yake, mbali kidogo, kulikuwa na sauti ya mwanamume, laini, isiyo na haraka. Nyuma ya hiyo hakukuwa na sauti ya mwanamke hata mmoja.

"Mwanangu," alisema Komeo, naye akijitahidi sauti isitetemeke, "ni mama mkubwa. Mama yuko wapi? Niambie polepole. Mama yuko wapi?"

Mtoto alifikiri. Kisha akasema kwa sauti safi, kama anayejibu darasani:

"Baba anasema tuvae viatu."